Mlembe: Kiongozi wa Asali, Mwuaji wa Viotoni

Wasomaji wengi waliokulia karibu na pori wamjua mlembe, yule ndege awaongozaye watu hata kwenye asali. Ni ndege mdogo mwenye rangi ya kijivu na hudhurungi, na manyoya ya pembeni mwa mkia wake ni meupe, nayo huonekana wazi arukapo. Watu humsifu kwa msaada wake. Lakini ni wachache wajuao jinsi alivyolelewa, na habari hiyo ni ya ajabu, tena ya kutisha.

Mlembe hajengi kiota, wala halalii mayai yake, wala halishi kinda hata mmoja. Jike huwavizia ndege watagao ndani ya matundu, kama vile kigogota, hudihudi na keremkerem. Akipata nafasi, huingia upesi na kutaga yai moja, na mara nyingi huyatoboa mayai anayoyakuta humo. Yai lake ni jeupe kama ya kigogota na keremkerem, na tundu lina giza. Basi wenyeji hulilalia pamoja na yao yaliyosalia.

Yai hilo huwa limeanza kukua tumboni mwa mama kabla halijatagwa, kwa hiyo huanguliwa mapema. Kinda hutoka uchi, tena kipofu; bali mdomo wake, juu na chini, una kulabu kali kama sindano. Makinda wa wenyeji waanguliwapo, huwauma na kuwatikisa gizani mpaka wafe. Mwaka 2011 mtaalamu Claire Spottiswoode na mwenzake walitangaza habari za mauaji hayo, baada ya kuyapiga picha kwa kamera ndani ya mashimo ya keremkerem katika nchi ya Zambia. Baadaye kulabu hizo hudondoka. Kinda hubaki tunduni karibu mwezi mmoja, akilia kwa sauti kama ya makinda wengi, na wale aliowaulia watoto humlisha bila kuchoka.

Pengine msomaji atauliza: je, ndege wa namna hii aweza kuaminiwa? Jibu lilipatikana kaskazini mwa Kenya. Bwana Hussein Isack, Mkenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana warinao asali, wakatangaza matokeo mwaka 1989. Katika sehemu wasizozizoea, warina asali walihitaji wastani wa karibu saa 9 kupata tundu moja la nyuki wasipokuwa na ndege. Walipoongozwa naye, saa 3 na dakika chache zilitosha. Waborana humwita kwa mluzi mkali, wakipuliza ndani ya ngumi walizozifumbata, au ganda la konokono, au kokwa la mkoma lililotobolewa.

Ndege naye hapati hasara. Chakula chake ni nta na majana ya nyuki, lakini hana nguvu za kupasua gogo. Mtu ana shoka na moshi. Bwana Isack aliona kwamba katika kila matundu 100, kama 96 yasingalifikiwa na ndege pasipo watu kuyafungua kwanza. Na lililo la ajabu zaidi ni kwamba mlembe hakufundishwa kazi hii na waliomlea, kwa maana keremkerem hajui lolote juu ya kuwaongoza watu.

Basi yatupasa kujua kwamba mapatano haya yaweza kupotea. Penye watu walioacha kurina asali ya porini, wakanunua sukari dukani, mlembe huacha kuongoza, kwa sababu hakuna amfuataye. Wengi barani Afrika husimulia kwamba amnyimaye mlembe nta, siku nyingine ataongozwa kwa simba au nyoka. Hiyo ni hadithi tu, bali shauri lililomo ni jema. Arinaye asali na amwachie ndege sehemu ya nta mahali paonekanapo, na kabla ya kuondoka auzime moto wake kabisa. Wala mtu asimwue mlembe kwa kuchukizwa na mwenendo wake viotoni. Ndivyo alivyoumbwa, na msaada wake kwetu ni wa kweli.