Je, Wajua? Tovuti Uzipendazo Zinaweza Kukuletea Habari

Ukiwa Kigali na kila asubuhi unafungua The New Times, Igihe, kisha BBC Swahili, mzunguko huo unaweza kupungua. Tovuti nyingi hutoa mlisho wa RSS: faili dogo lenye vichwa vya habari mpya, muhtasari na kiungo. Programu kama Feedly hulikagua kila mara na kukupangia yaliyoingia, yote mahali pamoja.

Bandika humo feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml, na vichwa vya BBC Swahili vitaanza kuingia. Tovuti iliyojengwa kwa WordPress? Jaribu kuongeza /feed mwishoni mwa anwani yake. Mara nyingi hukubali.

RSS ilitoka katika kampuni ya Netscape Machi 1999. Mwaka 2000 Aaron Swartz, kijana wa miaka 14, alishiriki kuandika toleo la 1.0. Tangu hapo uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, haujabadilika: wewe ndiye unayechagua cha kufuata, si mtandao wa kijamii unaokuamulia. Tovuti yenyewe haihitaji hata barua pepe yako. Na vifurushi vya intaneti vinapona, maana maandishi matupu ni mepesi.

Podikasti nazo husambazwa kwa milisho hiyohiyo.