Jedwali la swala ukutani na Hisabati ya Kidato cha Tatu

Jumamosi moja baada ya swala ya Alasiri, nikiwa nafunga daftari la michango ya ukarabati wa vyoo vya msikiti wetu hapa Kibamba, alinijia mzazi mmoja mkononi akiwa na karatasi ya matokeo. Ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya vyuma, mtu wa maneno machache, na karakana yake iko pembezoni mwa Barabara ya Morogoro. Nyuma yake alisimama binti yake wa Kidato cha Tatu, macho chini.

“Ustadhi,” akaniambia, “huyu Hisabati imemshinda. Mimi sikusoma, mama yake hakusoma, tumlaumu nani? Hela ya masomo ya ziada nimechoka kuitoa. Afadhali nimnunulie cherehani.”

Cherehani si jambo baya, na mafundi cherehani wanalisha familia. Lakini binti hakuomba cherehani. Nikamwomba daftari lake. Lilikuwa safi, mistari imepigwa kwa rula, na ukurasa wa mwisho aliokuwa amesoma ulihusu kile ambacho shuleni huitwa fankisheni. Fasili yake aliinakili kwa Kiingereza neno kwa neno, mara mbili. Nikamwambia, “Nieleze hii kwa Kiswahili, mwanangu.” Akanyamaza.

Sikumshangaa. Nilikuwa kama yeye. Katika muhtasari ambao watoto wetu wengi wamesomeshwa, Kidato cha Tatu hufunguliwa na mada mbili zinazofuatana: uhusiano, kisha fankisheni. Mtoto aliyejifunza kujumlisha na kugawanya kwa Kiswahili katika shule ya msingi anakutana na mada hizi kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi, na anaoneshwa herufi kabla hajaoneshwa kitu. Mimi fasili ile niliikariri, nikaijibia mtihani, nikaisahau. Nilikuja kuielewa miaka kadhaa baadaye chuoni tulipokuwa tunasoma mirathi, na hilo nitalirudia.

Nilianza na jambo ambalo binti analijua kuliko mimi, yaani watu wa nyumbani kwao. Wako watoto wanne. Nikamwambia aandike majina ya watoto upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia aandike jina la baba. Kisha achore mshale kutoka kwa kila mtoto kwenda kwa baba yake. Mishale minne ikakutana mahali pamoja. Nikamwambia ageuze: aanze kwa baba, achore mishale kwenda kwa watoto. Mishale minne ikatawanyika kutoka nukta moja.

Karatasi zote mbili zinaonesha uhusiano. Katika Hisabati uhusiano ni jozi tu za vitu zilizopangwa kwa utaratibu, hiki kwanza na kile cha pili, kwa sababu fulani inayoviunganisha: mtoto na baba, mji na wilaya, namba na kipeo chake cha pili. Hakuna sharti jingine. Lakini karatasi ya kwanza ni uhusiano wa aina ya pekee. Ukimtaja mtoto yeyote na kuuliza baba yake ni nani, jibu lipo na ni moja. Hiyo ndiyo fankisheni. Karatasi ya pili si fankisheni, kwa kuwa ukimtaja baba na kuuliza mtoto wake ni nani, utajibiwa, “Yupi kati yao?”

Hapo binti aliinua macho kwa mara ya kwanza. “Na baba mwenye mtoto mmoja tu?”

Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Ukikusanya kundi la akina baba ambao kila mmoja ana mtoto mmoja, basi hata mshale wa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto unakuwa fankisheni. Uhusiano ni ule ule, bali kundi la kuanzia limebadilika. Ndiyo maana walimu husisitiza domeni, yaani seti ya vitu tunavyoanzia. Bila kuitaja domeni, swali la kwamba hii ni fankisheni au siyo halina jibu. Na ukimweka katika kundi hilo mwanamume asiye na mtoto, fankisheni inavunjika tena, maana sasa yupo mtu asiye na mshale. Sharti ni mawili kwa pamoja: kila kitu cha upande wa kuanzia kiwe na mwenzake, na mwenzake awe mmoja. Upande wa kufikia hauna masharti hayo. Watoto wanne wanaweza kumfikia baba mmoja bila kosa lolote. Vile vilivyofikiwa na mishale ndivyo vinaitwa renji.

Mwanafunzi wengi hukosea hapo hapo. Wakiona mishale miwili imekutana, wanaandika kwamba si fankisheni. Kukutana si tatizo. Tatizo ni kutawanyika.

Ukutani nyuma ya meza yangu liko jedwali la nyakati za swala la mwaka mzima. Nikamwambia achague tarehe yoyote aniambie saa ya Magharibi. Akachagua, akasoma. Nikamwambia achague nyingine. Kila tarehe ina Magharibi moja, hakuna tarehe isiyo nayo, na hakuna yenye mbili. Hiyo ni fankisheni kamili, imetundikwa msikitini na watu wanaipita kila siku. Kisha nikamgeuzia: “Nikikuambia jua lilichwa saa 12 na dakika 20 jioni, ilikuwa tarehe gani?” Akaanza kupitisha kidole. Akaikuta saa ile mwishoni mwa Aprili, akaikuta tena katikati ya mwaka, akaikuta Septemba ikielekea Oktoba, akaikuta tena Novemba. Kwetu jua huchelewa kuchwa mwanzoni mwa Februari, karibu na saa 12 na dakika 50, kisha linawahi hadi kama saa 12 na robo mwezi wa Mei, halafu linapanda na kushuka tena kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo kutoka tarehe kwenda saa ni fankisheni, na kutoka saa kwenda tarehe siyo.

Nitaeleza kidogo asili ya mambo haya, maana sipendi ile tabia ya kudai mimbarini kwamba kila kitu kiligunduliwa na wazee wetu. Jina la fankisheni lilianza kutumiwa katika Hisabati na Mjerumani Leibniz mwishoni mwa karne ya 17, na alama f(x) anayoiona mtoto ubaoni iliandikwa na Leonhard Euler mwaka 1734. Wazee wetu hawakuwa na jina hilo wala fasili hiyo. Walichokuwa nacho ni majedwali. Katika karne ya 14, Msikiti wa Umawiyya wa Dameski ulikuwa na wataalamu waliopewa kazi ya kupima wakati, akiwemo Ibn al-Shatir, mnajimu mashuhuri. Mwenzao Shams al-Din al-Khalili alikokotoa majedwali ya nyakati za swala, na jedwali jingine la kibla ambalo ukiingia na latitudo na longitudo ya mji wako unatoka na pembe ya kuelekea. Unaingiza hiki, unapata kile, na hupati viwili. Alikokotoa maelfu ya thamani hizo bila mashine yoyote.

Nirudi kwa baba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akidhani kwamba mazungumzo haya hayamhusu. Nikamuuliza: “Mzee, tuseme unatoza 20,000 kwenda kupima, na kila dirisha 60,000. Mtu ana madirisha matatu, atalipa ngapi?”

“Laki mbili,” akajibu kabla sijamaliza.

“Na aliyekulipa laki tatu na ishirini, ulimtengenezea madirisha mangapi?”

“Matano.”

Nikamwomba binti aandike alichofanya baba yake. Idadi ya madirisha tuiite x. Malipo ni f(x) = 60,000x + 20,000. Kwa x = 3, f(3) = 200,000. Na lile jibu la pili ndilo linaloitwa kinyume cha fankisheni: baba aliondoa 20,000 kwanza, kisha akagawanya kwa 60,000. Alirudi kwa njia aliyoendea, akianza na hatua ya mwisho, kama mtu anayevua viatu kabla ya soksi kwa sababu alivaa soksi kabla ya viatu. Daftarini binti alikuwa amejaribu hesabu ya aina hii na akaanza kwa kugawanya, akapotea.

Tukaongeza neno moja juu ya domeni. Binti alitaka kuchora grafu kwa kuunganisha nukta kwa mstari ulionyooka, kama walivyozoea shuleni. Baba akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye hajawahi kutengeneza dirisha moja na nusu. Ni kweli. Domeni hapa ni namba nzima tu, na grafu ni nukta zilizopangana, si mstari.

Kuhusu grafu, kuna kipimo chepesi ambacho mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumsimamia mtoto akifanye. Chukua rula, isimamishe wima juu ya mchoro, isogeze taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Kama kuna mahali rula inaukata mchoro zaidi ya mara moja, huo si mchoro wa fankisheni, maana x moja imepata majibu mawili. Duara halipiti kipimo hiki. Bakuli lililokaa wima, yaani mchoro wa kipeo cha pili cha x, linapita. Ukililaza ubavu halipiti: kwa x = 9 utapata 3 na pia hasi 3.

Ziko pia fankisheni zinazochorwa kama ngazi, na watoto huziogopa bure. Mfano mzuri ni zaka ya mbuzi na kondoo, inayosomeshwa madrasa:

chini ya 40, hakuna zaka
40 hadi 120, mbuzi 1
121 hadi 200, mbuzi 2
201 hadi 399, mbuzi 3
400, mbuzi 4, na kuanzia hapo mmoja kwa kila mia kamili

Mfugaji mwenye mbuzi 41 na mwenye 119 wanasimama kwenye ngazi moja. Akiongezeka mbuzi wa 121, mchoro unaruka. Na mwenye 39? Nilimuuliza binti kama huyo anaivunja fankisheni kwa kuwa hatoi kitu. Akafikiri kwa muda. “Haivunji,” akasema, “yeye jibu lake ni sifuri. Sifuri ni jibu.” Yule mwanamume asiye na mtoto hakuwa na mshale. Mfugaji huyu anao, na unaelekea kwenye sifuri. Wapo wanafunzi wakubwa ambao hawajaitenganisha tofauti hiyo.

Ni hapa ambapo mirathi ilinifungua macho. Msiba mmoja, warithi wanaojulikana: kila mrithi ana fungu lake moja, na hakuna asiyejulikana hali yake. Lakini ukiambiwa tu kwamba mtu fulani alipata sudusi, yaani moja ya sita, huwezi kujua kama alikuwa mama, au baba, au bibi. Kwenda kuna jibu moja, kurudi kuna mengi. Kila fankisheni ambayo mishale yake hukutana ina hasara hiyo: ukibaki na jibu peke yake, umepoteza habari ya ulikotoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuchwa na muadhini alikuwa ameanza kuchukua udhu. Nikamwomba yule mzazi karatasi ya matokeo. Kwenye mstari wa Hisabati palikuwa na herufi F, na pembeni yake, kwa kalamu hafifu, namba ambayo nadhani hakuwa ameitazama.

“Mzee,” nikamwambia, “hata hii ni fankisheni. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na 0 hadi 29 ni F. Kila alama ina herufi moja. Lakini alama 30 tofauti zinaelekea kwenye F hii. Wewe umesoma herufi. Aliyepata sifuri ameandikiwa F, na aliyekaribia kufaulu ameandikiwa F ile ile.”

Akamgeukia binti yake. “Ulipata ngapi?”

“Ishirini na nane, baba.”

“Na hiyo D inaanzia wapi?”

“Thelathini.”

Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akauliza masomo ya ziada ya Jumamosi ijayo yanaanza saa ngapi, na binti akamwambia.