Kompyuta ikisema mengi, kosa hujificha

Mjini Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana anayejifunza kutengeneza programu za simu hupiga hesabu mbili kabla ya kubonyeza amri: mega zilizobaki kwenye simu inayompa intaneti, na muda ambao betri ya kompyuta itadumu iwapo umeme wa Bendera utakatika. Akishabonyeza, skrini hujaa mamia ya mistari ya Kiingereza, ilhali darasani alifundishwa kwa Kifaransa na nyumbani huongea Kiswahili. Huenda mstari mmoja tu kati ya hiyo ndio unaoeleza kwa nini kazi imekwama.

Mistari hiyo hutoka kwenye mfumo wa ujenzi wa programu. Hiki ni chombo kinachochukua msimbo ulioandikwa na mtu, kikaita kompaila na zana nyingine kwa mpangilio, hadi ipatikane programu inayofanya kazi. Kwa miaka mingi mafundi wamejiuliza: chombo hicho kiseme kiasi gani?

Mkongwe wa zana hizo ni Make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Make hukagua ni faili zipi zimebadilika, hujenga upya zinazohusika tu, na kwa kawaida huchapa kila amri inayoitekeleza. Kwa mradi wa faili 10 hilo si tatizo. Kwa mradi wa maelfu ya faili, onyo la kompaila hupita na kupotelea juu ya skrini. Onyo hilo, kwa mfano kwamba namba imetumika kabla ya kupewa thamani, lisipoonwa leo, kesho programu inaweza kuzimika mikononi mwa mteja.

Ndiyo maana watengenezaji wa Linux walifupisha. Anayejenga kiini cha mfumo huo huona herufi chache, kama CC, na jina la faili. Akitaka amri nzima, huongeza V=1. Ninja, iliyoanzishwa na Evan Martin akiwa Google kwa ajili ya kivinjari cha Chrome, ilikwenda mbali zaidi. Mambo yakiwa shwari, mstari mmoja hujiandika upya palepale ukionyesha kazi ngapi zimekamilika. Kazi ikishindwa, ndipo amri yote na maelezo ya kosa huchapwa. Tena Ninja hushikilia maneno ya kila kazi hadi iishe, ili kazi zinazokwenda kwa pamoja zisichanganyike. GNU Make ilipata uwezo wa namna hiyo mwaka 2013, katika toleo la 4.0.

Kimya nacho kina gharama

Lakini kimya kingi kina mshindo. Anayejenga programu ya Android kwa Gradle kwa mara ya kwanza husubiri maktaba zipakuliwe kutoka intaneti. Akiwa ameinyamazisha, na mtandao ni dhaifu, anaweza kudhani kompyuta imeganda, akakatiza kazi na kupoteza mega alizokwisha kulipia. Hapo mstari wa maendeleo ni msaada.

Hata mstari huo unahitaji kiasi. Mwaka 2016 watumiaji wa npm, chombo cha kusakinisha maktaba za JavaScript, waligundua kwamba mchoro wake wa maendeleo ulikuwa ukichelewesha kazi yenyewe.

Kwa mtu wa Kalemie, nafuu ipo ndani ya zana hizohizo. Gradle ikipewa --quiet hubakiza makosa, ikipewa --info huongeza maelezo, na ikipewa --offline hutumia maktaba zilizokwisha kupakuliwa bila kugusa intaneti. Kompaila ya GCC ina tafsiri ya Kifaransa, hivyo lugha ya kompyuta ikibadilishwa, ujumbe mwingi husomeka. Na mistari ikizidi, ni heri kuihifadhi yote kwenye faili, kisha kutafuta kosa la kwanza badala ya la mwisho. Mara nyingi yanayofuata yamezaliwa na lile la kwanza.

Betri ikibaki asilimia 10, kijana huyo anahitaji kujua mambo mawili tu: kama kazi inasonga, na kama imekwama, imekwamia wapi. Mengine yangoje hadi atakapoyauliza.