Kaya kama Kitengo cha Tiba: Afua za Afya ya Akili kwa Mtu na Familia katika Nyamyumba, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza afua mbili za afya ya akili nchini Rwanda, Mvura Nkuvure na Sugira Muryango, na kuzihusisha na mazingira ya Nyamyumba. Yanadai kuwa kikwazo kikuu si wananchi kutozijua huduma, bali ni huduma hizo kumsubiri mgonjwa mbali na watu anaoishi nao.

1.0 Utangulizi

Nyamyumba ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi. Eneo hili la kaskazini-magharibi lilipitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kisha vita vya abacengezi vya 1997 na 1998. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na matetemeko yaliyofuata yakabomoa nyumba wilayani Rubavu. Mei 2023 Mto Sebeya ulifurika na kuua watu. Hivyo, katika kaya moja mzazi anaweza kubeba jeraha la 1994 na mwanawe la 2023.

2.0 Pengo kati ya kujua na kutumia

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulibaini kuwa asilimia 20.5 ya wananchi walikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari kiwango kilikuwa asilimia 52.2. Asilimia 61.7 walijua kuwepo kwa huduma, lakini asilimia 5.3 tu ndio waliozitumia. Kwa hiyo, kampeni za uhamasishaji pekee hazitoshi. Lugha yenyewe inadokeza sababu mojawapo: kwa Kinyarwanda sonona huitwa agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Huzuni hupokewa nyumbani na kwa majirani kabla ya kufikishwa kwa tabibu.

3.0 Afua mbili

Mvura Nkuvure, yaani "niponye nikuponye", ilianza Byumba mwaka 2005. Watu 10 hadi 15 wa ujirani mmoja hukutana kila wiki kwa vikao 15, wakiongozwa na wawezeshaji wawili wa hapohapo. Kikundi hujenga kwanza usalama, kisha uaminifu, kujaliana na heshima. Kumbukumbu chungu huguswa mwishoni. Utaratibu huo ndio siri yake: hakuna anayetakiwa kufunua jeraha mbele ya jirani asiyemwamini.

Sugira Muryango huingia nyumbani. Jaribio lake lilihusisha familia 1,049 zenye watoto wa miezi 6 hadi 36 katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu. Mwezeshaji asiye tabibu huwafundisha wazazi kucheza na mtoto, kudhibiti hasira na kutatua migogoro, huku baba akishirikishwa. Matokeo yalionyesha kupungua kwa adhabu kali na ukatili baina ya wenzi, pamoja na nafuu katika afya ya akili ya walezi.

4.0 Mjadala na mapendekezo

Afua hizi zinakamilishana. Mzee anayeishi peke yake hafikiwi na Sugira Muryango, lakini ana nafasi katika kikundi cha majirani. Hata hivyo, hakuna kati yake inayochukua nafasi ya tiba ya hospitali kwa mwenye saikosisi au anayekusudia kujiua.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wawezeshaji wapewe njia dhahiri ya rufaa hadi kituo cha afya. Pili, ratiba zizingatie wanaovuka mpaka kila asubuhi kufanya biashara Goma. Tatu, usimamizi na posho za wawezeshaji viingizwe katika bajeti ya wilaya, kwani kazi ya kusikiliza machungu ya wengine humchosha hata mwenye moyo.

5.0 Hitimisho

Majeraha ya Nyamyumba yaliingia kupitia familia na ujirani. Sera inayomtenga mgonjwa na mazingira hayo itaendelea kuwa na huduma zinazojulikana na wengi, zikitumiwa na wachache.