Usifomati Kwanza, Isome Tena

Juzi mpiga picha wa harusi aliniwekea mezani memori kadi ya GB 64, kaiviringisha kwenye tishu kama dawa ya mitishamba. "Fundi, nimeifomati mara mbili, mbona picha hazirudi?" Nikamwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Swali ni lile lile kila wiki, wanaobadilika ni waulizaji. Flashi inasuasua, kompyuta imegoma kuitambua na sasa inataka kuifomati: nikubali? Jamani, kompyuta imeuliza tu, haijatoa ushauri. Imetafuta orodha inayoonyesha faili lipi liko wapi, imeshindwa kuisoma, ikaona hapa hakuna kitu. Ni kama mgeni aliyekosa namba ya nyumba, akaomba ruhusa ya kubomoa mtaa.

Imani yenyewe inasema kufomati "kunasafisha" flashi na kuirudishia nguvu. Najua inakotoka. Ukishafomati, ukaweka nyimbo mpya, zinapiga bila kukwama, na fundi wa kibandani anaondoka na sifa za udaktari. Kilicho kipya hapo ni nyimbo. Flashi ni ile ile, na uchovu wake ule ule.

Tazama kinachotokea ndani ya chipu. Kila seli ni kisima kidogo cha elektroni, na data ni kina cha kisima hicho. Chipu za zamani zilikuwa na visima vya aina mbili tu, kilichojaa na kilicho kitupu. Za leo za TLC zinabana biti tatu kwenye seli moja, yaani vina 8 vinavyotenganishwa na mistari 7 ya volti. Za QLC zina vina 16 na mistari 15, ndani ya kisima kile kile. Elektroni huvuja polepole. Joto huharakisha uvujaji, na seli zilizoandikwa na kufutwa mara nyingi huvuja zaidi. Baada ya miezi kadhaa kabatini au kwenye dashibodi ya gari, kina kilichokuwa juu kidogo ya mstari wa tano kimeshuka chini yake. Kidhibiti, yaani ile chipu inayosimamia usomaji, kinasoma nne badala ya tano. Makosa machache kinayasahihisha chenyewe kimyakimya. Yakizidi, kinakwambia haisomeki.

Lakini data bado ipo! Imeshuka tu, na mistari imebaki pale pale ilipochorwa siku ya kwanza. Seli za kundi moja, yaani bloku, kwa kawaida zimeandikwa karibu wakati mmoja na zimepigwa na joto lile lile, kwa hiyo hushuka kwa viwango vinavyokadirika. Basi teremsha mistari, usome tena. Kidhibiti cha maana kina jedwali la volti mbadala na hujaribu moja baada ya nyingine. Kilicho bora zaidi huhesabu: data huvurugwa makusudi kabla ya kuandikwa ili kila kina kipate mgawo unaokaribiana, kwa hiyo kikikuta seli chache mno juu ya mstari, kinajua mstari unapaswa kushuka. Kikifanikiwa, hukumbuka bloku ile inataka mistari ipi. Kikishindwa, husoma mara kadhaa pembezoni mwa mstari ili kujua seli ipi ina uhakika na ipi inabahatisha, kisha huzikabidhi taarifa hizo kwa hesabu za kusahihisha makosa ziitwazo LDPC, alizobuni Robert Gallager kwenye tasnifu yake ya mwaka 1960 kule MIT, zikapuuzwa kwa miongo kadhaa.

Kusuasua mnakokuita ugonjwa mara nyingi ndiko huko kusoma na kurudia. Mwaka 2014 wenye diski za SSD, zenye chipu kama hizi, aina ya Samsung 840 EVO, waliona mafaili ya miezi iliyopita yakisomeka kwa kujikokota, ilhali mapya yanaruka. Oktoba mwaka huo Samsung ikatoa programu ya kurekebisha. Baadhi ya diski zikarudia mchezo. Aprili 2015 ikatoa nyingine, ambayo kila baada ya muda huandika upya data kuukuu. Sikieni vizuri: huisoma kwanza, ndipo huiandika upya. Kufomati hakufanyi hivyo. Fomati ya haraka huandika orodha mpya tupu na kuacha visima vingine kama vilivyo. Fomati kamili ya Windows, tangu Vista, humwaga sifuri diski nzima. Kwenye SSD hata ile ya haraka inaweza kukiambia kidhibiti kwamba data haina mwenyewe tena. Hapo hata mimi sina la kufanya.

Na nyie mnaoweka kadi kwenye friza ipone, ndugu wa wale walioanika betri za redio juani: baridi hairudishi elektroni zilizokwisha kuvuja, na data iliyoandikwa kwenye joto ikisomwa kwenye baridi makosa huongezeka. Juu ya hapo mnaniletea kadi imelowa.

Sasa, cha kufanya. Chomoa, usiandike chochote. Kadi kubwa ya SD ina kidude cha kufunga pembeni, kifunge. Badilisha kisomaji na tundu la USB. Ikionekana, nakili nzima kwa programu kama ddrescue, inayoweka kumbukumbu ya sehemu zilizogoma na kuzirudia baadaye, halafu tafuta mafaili kwenye nakala hiyo, kadi iache ipumzike. Isipoonekana kabisa, mpelekee mwenye vifaa vya kusoma chipu yenyewe, na uwe na subira na bei yake. Ukishaokoa, fomati utakavyo. Vya thamani viweke nakala mbili, na flashi ya kabatini uiandike upya walau mara moja kwa mwaka.

Mpiga picha wetu alibahatika, fomati zake zote mbili zilikuwa za haraka. Kadi ilisomwa usiku kucha, na asubuhi picha za ukumbini zilikuwepo karibu zote. Za kanisani hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyimbo alizozipakia baada ya kufomati, kujaribu kama kadi imepona.