Kifafa, Vidonge na Kikombe cha Bwana

Kijana aliyeletwa na baba yake kwa Bwana Yesu, baada ya wanafunzi kushindwa kumponya, ni maarufu katika mahubiri yetu. Marko (9:14-29) asema kijana huyo ana pepo bubu. Mathayo (17:15), katika Biblia yetu ya Kiswahili, asema ana kifafa. Wote wawili hawakosi kutaja kwamba huanguka motoni na majini. Wahubiri wengi hupita hapo upesi, kwa kuwa wanalikimbilia lile pepo.

Daktari Louise Aall, baadaye Jilek-Aall, hakupita upesi. Mnorwei huyu, aliyezaliwa mwaka 1931, alifika Tanganyika karibu na uhuru. Katika milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, kaskazini ya mkoa wetu wa Ruvuma, aliwakuta Wapogoro wengi wenye kifafa, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Sababu yake ilikuwa ya kusikitisha. Iliaminiwa kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa mate na mapovu ya mgonjwa, kwa hiyo mtu alipoanguka penye mafiga hakuna aliyethubutu kumgusa. Aliungua hali ndugu zake wakimtazama. Mgonjwa alikula peke yake, akalala peke yake, na mara nyingi hakuoa wala kuolewa.

Karibu na mwaka 1960 daktari huyu alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akitumia vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo muuguzi aliyefundishwa aweza kuigawa. Twaomba msomaji aliangalie jambo hili. Mgonjwa hakupelekwa mbali, kwenye hospitali ya Mirembe, Dodoma. Alitibiwa nyumbani kwake, na huduma ikaendelea hata baada ya mwanzilishi kuondoka. Yeye alihamia Kanada, akasomea magonjwa ya akili na anthropolojia, akawa profesa katika chuo kikuu huko Vancouver. Lakini alirudi Mahenge mara kwa mara kuwafuatilia wagonjwa wake. Makala yake kuhusu kifafa cha Wapogoro ilitoka mwaka 1965, na mwaka 1997 yeye na wenzake walikuwa bado wanaandika juu ya maisha ya wagonjwa wa kifafa katika jamii zao.

Njia hiyo ya kutibu akili na mishipa ya fahamu katika zahanati za kawaida ndiyo serikali yetu iliyoijaribu katika miaka ya 1980, mkoani Kilimanjaro na Morogoro, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Kanisa letu halikuwa geni katika huduma hii: Lutindi, huko Usambara, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imepokea wagonjwa wa akili. (Si haba kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza masomo bila kulisikia jina hilo.)

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umekihusisha kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi. Mito ya namna hiyo, na usubi wenyewe, tunao pia Ruvuma.

Hatari iliyopo kwetu wachungaji ni hii. Mgonjwa huombewa, anapata nafuu, kisha anaambiwa kwamba kuendelea kumeza dawa ni kukosa imani. Fenobabitoni ikikatishwa ghafula, degedege huweza kurudi mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, naye akafa. Tuombe kwa bidii. Lakini habari ya kupunguza dawa ni ya mganga wa zahanati, si ya mzee wa maombi.

Tulipokuwa Nakapanya, mama mmoja alituuliza faraghani kama binti yake, aliyekuwa ameanguka mara mbili katika darasa la kipaimara, ataruhusiwa kukinywea kikombe kile kile pamoja na wenzake. Tulimjibu kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate. Jumapili ile binti alishiriki, nasi tukanywa mwisho, baada ya wote. Wazee wawili wa kanisa hawakusogea mezani.