Bei za Agroveti Mtandaoni: Lipia Njia Ipi?

Una agroveti Katelembo na unataka mteja aone bei kwenye simu kabla hajapanda boda. Fundi wa tovuti amekutajia njia tatu za kutoa bei kwenye hifadhidata ya seva hadi kwenye JavaScript ya kivinjari, na anataka malipo ya kwanza wiki hii.

Chukua ya kwanza: seva iziandike bei ndani ya ukurasa wenyewe. Bidhaa 300 za herufi 100 hivi kila moja ni kama kilobaiti 30. Mteja anapakua mara moja, na seva ya kukodi ya bei ya chini inaimudu.

Ila chunga zinavyoandikwa. Fundi akifunga majina kwa ritifaa, siku utakapoingiza “Chumvi ya ng'ombe”, ritifaa ya ng' itakata jina katikati, skripti itagoma na orodha nzima ibaki tupu. Utamwita tena, utalipa tena. Kama seva inatumia lugha ya PHP, dawa ni amri ya json_encode, imo ndani yake tangu toleo la 5.2 la mwaka 2006, bila malipo. Aongeze chaguo la JSON_HEX_TAG ili mtu asipenyeze skripti yake kupitia jina la bidhaa. Ni mstari mmoja. Usikubali kutozwa kama kazi ya ziada.

Ya pili ni fetch: ukurasa unafunguka, kisha skripti inarudi kwa seva kuomba bei. Inafaa kama stoki inabadilika mteja akiwa bado anaangalia. Lakini mtandao ukilegea mteja anangoja mara mbili, nawe una mlango wa pili wa kulinda na kukarabati. Kama bei zako hubadilika mara moja kwa wiki, hiyo ni pesa ya kutupa.

Ya tatu, mfumo mkubwa wenye seva yake ya kulipia kila mwezi, iache kwanza.

Hasara kubwa hujificha kwingine. Chochote kinachofika kwenye kivinjari, mteja anaweza kukisoma. Fundi mvivu huchota rekodi nzima: jina, bei, na bei uliyonunulia. Akichota na namba za simu za wateja wa mkopo, Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 ina faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea kipi ni kidogo. Kama tovuti inapokea malipo, funguo za M-Pesa nazo zisitoke kwenye seva kamwe.

Kabla ya kulipa, ingiza bidhaa yenye neno ng'ombe. Kisha fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U, utafute bei uliyonunulia. Ukiiona, usitoe hata shilingi mpaka aiondoe.